Balbu mbili na projekta moja

Kanga nne ndizo zilizoiingiza shule yetu kwenye zama za projekta. Madirisha ya darasa la kidato cha pili hayakuwa na vioo wala pazia, na jua la saa nne asubuhi huku Korogwe halina adabu. Nikaja na kanga zangu mbili, nikaazima mbili nyingine kwa mama anayetupikia uji, tukazitundika kwa misumari. Picha ikatokea ukutani. Wanafunzi 74 wakaguna kwa pamoja, nami nikajiona nimefika.

Hiyo ilikuwa 2018. Projekta tulipewa na mdau mmoja, kompyuta mpakato ilikuwa yangu mwenyewe, ya mkopo. Mada ilikuwa umeme, ile ambayo watoto wa kidato cha pili huiogopa kabla hawajaiona. Nilikesha wiki nzima naandaa slaidi zenye mishale inayoruka na herufi nyekundu. Kazi ambayo kwa chaki huchukua wiki mbili niliimaliza kwa siku tatu, nikaanza kuwatambia wenzangu ofisini.

Kisha nikatoa jaribio. Swali la kwanza lilikuwa la kuwapa moyo tu: balbu mbili zinazofanana zimeunganishwa kwa mfuatano, moja baada ya nyingine kwenye njia moja, kwenye betri, ipi itawaka zaidi, na kwa nini? Zaidi ya nusu ya darasa waliandika, kwa Kiingereza cha kubangaiza, kwamba itawaka zaidi ya kwanza, kwa sababu inaula umeme na kumwachia mwenzake makombo.

Jibu sahihi nilikuwa nimewaonyesha, tena kwa herufi nyekundu. Nilikasirika na watoto kwa siku mbili hivi. Ya tatu nikamwonyesha karatasi zile mzee wetu wa hisabati, ambaye wakati huo alikuwa anahesabu miezi tu astaafu. Akazipitia polepole, akanirudishia. "Mwanangu," akasema, "ubao una breki. Hiyo mashine yako haina."

Nilicheka, lakini maneno yale yalinifuata mpaka nyumbani. Mwalimu anayeandika ubaoni huandika kwa kasi ya mkono wake, na mtoto anayenakili hupata mwanya wa kujiuliza. Tena ubaoni nilikuwa nageuka kila baada ya mstari nawaona: huyu amekunja uso, yule anamnong'oneza jirani yake, wale wawili wa nyuma wamepotea zamani. Chini ya kanga zangu sikumwona mtu. Giza lililoipendezesha picha ndilo lililonifichia nyuso, na watatu au wanne, nilikuja kuambiwa baadaye, walikuwa wanalala usingizi mtamu kabisa.

Basi nikaapa kuachana na picha, nishike vitu vya kweli. Kupata balbu za tochi ilikuwa kazi, maana siku hizi tochi zote ni za taa zile ndogo nyeupe zisizoungua. Fundi redio wa sokoni akanichimbulia mbili kwenye kopo la takataka zake, akaniongeza na waya. Betri nikanunua dukani. Siku ya kipindi nikaziunga kwa mfuatano juu ya ubao mdogo, nikapita nao kati ya madawati nikiwa na uhakika kwamba leo kila mtu ataona balbu mbili zikiwaka sawasawa.

Hazikuwaka sawasawa. Ya kwanza iling'aa, ya pili ikawa nyekundu kama kaa la mkaa linalokufa.

"Madam, si unaona! Ya kwanza imekula!"

Darasa zima likalipuka. Nilisimama na ubao wangu mkononi, jasho linanitiririka mgongoni, nimeshindwa na jaribio nililolitengeneza mwenyewe. Kengele ndiyo iliyoniokoa. Nadhani mwalimu yeyote wa sayansi ana siku yake kama hiyo, ila wengi hatuisimulii.

Usiku nilizikagua kwa tochi ya simu. Ubavuni mwa kila balbu ya namna hiyo huandikwa volti na ampea kwa maandishi ya kuumiza macho. Moja ilikuwa ya volti 3.8, nyingine ya 2.5. Hazikuwa ndugu hata kidogo. Ukinzani wake, yaani kiasi zinavyouzuia umeme, haulingani, na kwenye mfuatano, ambako mkondo wa umeme unaopita ni uleule, yenye ukinzani mkubwa ndiyo inayowaka zaidi. Kwa bahati mbaya mimi nilikuwa nimeiweka hiyo mbele.

Hapo ndipo nilipoirudia kompyuta, safari hii kwa sababu. Kuna programu za bure za majaribio ya kuigiza ziitwazo PhET, za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani. Aliyezianzisha mwaka 2002 ni Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa amepata Nobel mwaka mmoja kabla. Baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili, na unaweza kuzipakua mapema ukazitumia pasipo intaneti, jambo ambalo kwa shule kama yetu ndilo la kwanza kuuliza. Ile ya saketi, yaani njia anayopita umeme, inakupa betri, waya na balbu, unaunga utakavyo. Na balbu zake, usipozigusa, zote zina ukinzani mmoja. Kitu hicho fundi redio wa sokoni hawezi kunipa.

Lakini nilishajifunza kutokimbilia kuwasha. Nilichora saketi ubaoni, chaki na breki zake, nikauliza: ipi itawaka zaidi? Kidole kimoja kama ni ya kwanza, viwili kama ni ya pili, vitatu kama ni sawa. Kidole kikae kifuani, jirani asikuibie. Nikahesabu, nikaandika idadi pembeni mwa ubao. Kisha nikawapa dakika tatu kila mtu ambishie jirani yake. Mlangoni kwetu kuna kibao kinachoagiza Kiingereza tu, nacho nakiheshimu kwenye kuandika. Ila sijawahi kumsikia mtoto wa kidato cha pili akibisha kwa dhati kwa lugha anayoitafuta neno kwa neno. Wabishe kwa Kiswahili, waandike kwa Kiingereza. Mkuu wa shule alipita dirishani, akasikia zogo, akaendelea na safari yake. Nilimshukuru kimoyomoyo.

Nikawasha. Balbu mbili za kompyuta zikaangaza sawasawa.

Kimya. Halafu kijana mmoja wa nyuma, ambaye tangu muhula uanze sikuwahi kumsikia sauti, akasimama. "Madam, hiyo ni kompyuta. Inaweza kuwekwa iseme chochote. Ile ya juzi tuliiona kwa macho yetu."

Nilitamani kujitetea. Nilikuwa na slaidi, fomula, na cheti cha ualimu. Ila yule kijana alikuwa amesema kweli tupu. Mashahidi wawili walikuwa wamekuja mbele ya darasa na maneno yanayopingana, na mimi nilikuwa nawaomba wamwamini yule aliyevaa suti. Nikatoa zile balbu za sokoni mfukoni, nikaziweka mezani, nikauliza tufanyeje.

Aliyetoa jibu ni binti wa dawati la tatu, tena kwa sauti ya kujiuliza mwenyewe: "Tuzibadilishane nafasi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Usiku kucha nilikuwa nimepanga kuwaeleza habari za volti na ampea, na mtoto akaja na jambo jepesi kuliko langu na zito kuliko langu. Kama wa kwanza ndiye mla umeme, basi yeyote atakayekaa mbele atang'aa. Tukapiga kura tena ya vidole. Binti akaja mbele, akafungua waya kwa meno (nilijifanya sijaona), akazibadilisha. Ile inayong'aa ikahamia nyuma na mng'ao wake. Ile hafifu ikaja mbele na uhafifu wake.

Kelele zilizotoka pale zilimleta mwalimu wa darasa la jirani akidhani nyoka ameingia.

Tulipotulia nikarudi kwenye projekta. Katika ile programu unaweza kubadilisha ukinzani wa balbu moja moja. Nikaiacha moja kwenye omu 10, omu ndicho kipimo cha ukinzani, nyingine nikaipandisha mpaka 15. Balbu za ukutani zikaacha kufanana, zikawa kama zile za mezani. Yule kijana wa nyuma aliangalia ukutani, akaangalia mezani, akasema "Kumbe inafuata," akakaa. Kipindi kilikuwa cha dakika 80. Projekta iliwaka kwa dakika kama saba.

Tangu siku hiyo nikitaka kuwasha mashine yoyote darasani najiuliza kwanza: watoto wamebishana juu ya nini? Kama hawajabishana, mashine haina kitu cha kuamua, itakuwa inawapumbaza tu. Na vitu halisi navyo vina uongo wake, hilo vitabu vya ualimu havikunionya. Vinakuja na vumbi na kutu, na balbu zisizo ndugu. Programu ni safi mno, haina siku mbaya. Nikivipambanisha viwili hivi ndipo nawaona watoto wakifikiri.

Usafi wa programu nao una gharama. Katika picha ile elektroni, zile chembe zinazobeba umeme kwenye waya, ni vidude vya buluu, vya mviringo, vinatembea kwenye waya kwa foleni. Muhula ule mwanafunzi mmoja aliazima kalamu ya buluu katikati ya mtihani wa ndani ili achore elektroni. Aliamini ndiyo rangi yake. Siku hizi kabla hatujaendelea na picha yoyote nauliza: hapa uongo uko wapi? Wanapenda sana swali hilo. Wanataja rangi, wanataja ukubwa, na kila mwaka hutokea mmoja akauliza swali zuri kuliko yote: kama vidude vinatembea polepole namna ile, mbona balbu inawaka papo hapo? Ukweli ni kwamba elektroni kwenye waya wa kawaida husogea polepole hata zaidi, chini ya milimita moja kwa sekunde. Hapo projekta inazimwa na tunatoka nje kwenye baiskeli ya mlinzi. Unapokanyaga pedali gurudumu la nyuma halisubiri pingili ya mnyororo isafiri kutoka mbele; mnyororo wote unaanza pamoja. Baiskeli ile imefundisha umeme kuliko mimi.

Mwaka 2020 ulinifundisha kwa namna nyingine. Machi 17 shule zilitangazwa kufungwa kwa sababu ya korona. Kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine Juni 29. Katikati hapo nilijirekodi video za robo saa, nikazituma kwenye kundi la wazazi, nikasubiri pongezi. Baba mmoja akanipigia. "Mwalimu, heshima yako. Hiyo video imemaliza bando langu la wiki na bado sijaona hata kichwa chako."

Nikaacha video. Nikawa naandika ukurasa mmoja kwa mkono, naupiga picha, naambatanisha na sauti yangu ya dakika moja. Wasio na simu janja, nao ndio walikuwa wengi, niliwaachia karatasi kwa wakala wa fedha wa pale senta. Maswali nayo niliyabadilisha yawe ya kufanyika nyumbani: simika kijiti uwanjani, pima kivuli chake kila saa, niletee namba. Majibu yalirudi kwenye vipande vya daftari, mengine yamefungiwa nauli, moja kwa mwandiko wa bibi aliyeongeza kwamba mjukuu wake ni mvivu na kivuli amekipima yeye. Hakuna teknolojia ya kuonea fahari hapo. Ila kazi ilifika, na video haikufika.

Simu nimekuja kuithamini zaidi ikiwa chombo cha kupimia kuliko cha kuonyeshea. Mada ya mwendo inadai vifaa ambavyo kabati letu la maabara halijawahi kuviona. Siku moja nilibandika ukutani utepe wa fundi cherehani, ule wa sentimita 150, nikampa mwanafunzi chungwa la Muheza aliachie kutoka juu, nami nikarekodi kwa simu. Kamera hupiga picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo ukihesabu picha tatu tatu umekata sekunde vipande kumi. Watoto walikuwa wanakuja mezani wawili wawili kusoma chungwa liko sentimita ngapi. Picha za mwisho zilikuwa na ukungu, tukabishana sana kuhusu ukingo wa chungwa uko wapi. Tulichokipata ni kama 5, 20, 44, 78. Kutoka kila namba toa iliyotangulia, gawanya kwa tano, na mbele yako inatokea moja, tatu, tano, saba, kwa kukaribia. Zaidi ya miaka 400 iliyopita Galileo alizifikia namba hizohizo kwa kuviringisha mipira kwenye mteremko, kwa kuwa hakuwa na saa ya kulikimbiza tunda linaloanguka. Sisi tulikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka. Chungwa tuligawana.

Sheria ya wanafunzi kutoleta simu shuleni siipingi. Simu moja mezani kwa mwalimu, watoto wameizunguka na wanabishana, inatosha. Arobaini mifukoni sitaki hata kufikiria.

Baada ya Sensa ya Agosti 2022 vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu. Changu kilikuja na mkwaruzo pembeni, na mara nyingine nawaza kilipita kwenye nyua ngapi kabla ya kunifikia. Nimekijaza vitabu vya kiada kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu, na hilo peke yake limenipunguzia mzigo. Nilifurahia zaidi kugundua kwamba naweza kupita kati ya madawati, nikapiga picha daftari la mwanafunzi, na dakika hiyohiyo darasa zima likaliona ukutani. Hapo nikafanya kosa ninalolijutia. Niliweka ukutani hesabu iliyokosewa, jina nimelificha, nikasahau kwamba watoto wanajuana miandiko. Wakacheka. Mwenye daftari hakuandika kitu mbele yangu kwa wiki nzima. Kila nikisogea anafunika kwa kiwiko. Sasa kosa nalinakili kwa mwandiko wangu, naliita kosa langu. Wanalishambulia kwa furaha zaidi wakidhani ni la Madam.

Akili mnemba nayo imeshafika, hata kijijini. Mara ya kwanza niliiomba maswali kumi ya umeme kwa Kiswahili. Ikayatoa kabla sijameza mate, na ndani yake mkondo wa umeme ulikuwa umeitwa "sasa ya umeme," kwa kuwa "current" ya Kiingereza ni mkondo na pia ni sasa. Nilicheka mpaka machozi. Nikayapeleka darasani yalivyo, nikawaambia kuna mwanafunzi mgeni ameandika haya, tumsahihishie. Mmoja aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Nenda kasome tena." Upande wa pili yupo kijana aliyeniletea kazi ya nyumbani yenye Kiingereza cha bungeni, na simu ni ya kaka yake wa bodaboda. Nilimwomba anifafanulie sentensi ya pili tu. Akaangalia paa. Sikumwadhibu, angeniuliza na slaidi zangu za 2018 zilikuwa na maana gani zaidi ya hiyo. Nilibadilisha utaratibu tu: kazi ya nyumbani haina alama mpaka mwenyewe aitetee mbele kwa dakika mbili. Inakula muda, na kwa darasa kubwa siwafikii wote kwa wiki. Bado sijapata dawa ya hilo.

Zile balbu mbili za sokoni ninazo mpaka leo, zimefungwa kwenye pamba ndani ya kopo la Blue Band. Mwezi uliopita tulikuwa na kipindi cha saketi, kompyuta tayari, kura za vidole zimeshapigwa, umeme ukakatika. Zamani ningesema fungueni madaftari tuandike muhtasari. Nikafungua kopo. Tulikwenda vizuri mpaka kwenye kubadilishana nafasi, na wakati najiandaa kufunga, msichana mmoja akauliza: "Madam, na zikikaa sambamba, kila moja na njia yake kutoka kwenye betri? Ile hodari itabaki kuwa hodari?"

Karibu wote walionyesha kidole kimoja: hodari ni hodari tu. Mimi jibu nilikuwa nalijua kwa fomula. Kwa macho, na miaka yangu yote hii ya kufundisha, sikuwahi kuliangalia.

Jua lilikuwa kali, mwanga wa balbu hauonekani vizuri. Tukatoa kanga, ileile ya dirishani, tukaitandaza juu ya meza kama hema, nao wakawa wanaingiza vichwa kumi kumi. Nilisikia kelele kabla sijainama mwenyewe. Ile dhaifu, kaa la mkaa la miaka yote, ilikuwa inang'aa kumpita mwenzake.

"Zima, Madam. Washa tena."

Kundi la mwisho lilipotoka chini ya kanga betri zilikuwa zimechoka kabisa, na yule msichana alikuwa ameshachukua chaki anachora ubaoni saketi ya balbu tatu.